Vyumba vya Marehemu Kaka

Benchi letu linatazamana na gesti aliyoijenga marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, kando ya barabara kuu ya zamani. Enzi zile gesti zilipangana kutoka hapa hadi mlimani, na madereva wa malori waligombea vitanda. Imebaki hii moja, na leo jioni shemeji yangu, mjane wa kaka, anamkabidhi funguo tajiri atakayeibomoa ajenge ghala la saruji. Nilikuja kijiweni kwa sababu sikutaka kulitazama jambo hilo peke yangu. Nilimkuta Profesa, ambaye elimu yake ni magazeti yaliyofungiwa misumari; Breki, dereva mstaafu aliyepinduka mara nyingi kuliko alivyofika; na Rangi, mwandika mabango. Walikuwa wanajadili kilichoziua gesti.

— Historia ya gesti ni historia ya uchovu, alisema Profesa. Zamani lori bovu, dereva anachoka, analala. Leo lori zima, dereva hachoki.

— Hachoki nani? Breki akamkata. Gesti zimeuawa na barabara mpya. Waliipitisha nyuma ya mlima makusudi. Mkubwa mmoja alilala huku akaumwa na kunguni.

— Kunguni ahamishe barabara?

— Kunguni wa enzi zile, bwana! Walikuwa na miili.

Rangi akacheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini.

— Hamjui kitu nyinyi. Gesti imeuawa na simu. Dereva akilala gesti, mkewe anapiga, anasikia kitanda kinalia, ndoa imekwisha. Ndiyo maana wanalala garini.

— Vitanda vya kaka havilii, nikasema. Alivichonga mwenyewe.

— Tena hapo ndipo alipoharibu, akadakia Profesa. Kitanda kimya, pombe hakuuza, muziki hakuna. Mtu akilala pale anaanza kusikia dhamira yake. Nani atalipia hiyo?

— Watu walipumzika, ndugu yangu. Wengine walimwombea dua.

— Basi sikiliza la kisayansi. Dunia inazunguka, sivyo? Sehemu hii imesogea. Wasafiri wanapita pale tulipokuwa zamani.

Breki akapiga paja.

— Kweli kabisa! Hata ile kona niliikuta imesogea. Ndiyo maana nilipinduka.

Wakacheka wote. Mimi sikuweza. Ng'ambo, shemeji alikuwa barazani akikunja mapazia aliyoyashona mwenyewe, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Ndipo lori likasimama. Akashuka dereva, kijana mwenye macho mekundu, akajishika kiuno.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Samahanini. Mwaka wa pili huu napita hapa, na kila safari nalala kwenye usukani. Hivi hiyo gesti hujaa akina nani? Mbona uani hakuna hata baiskeli?

— Nani kakwambia imejaa? akauliza Breki.

— Si mmeandika wenyewe!

Tukageukia bango la gesti. Rangi aliliandika kaka angali hai: TUMEJAA UPENDO. Neno la kwanza alilipaka nyeusi. La pili alilipaka nyekundu, kwa kuwa, alivyotuambia siku ile, upendo hauandikwi kwa nyeusi. Jua lilikuwa limeila nyekundu yote. Sisi tunaokaa hapa kila siku tuliendelea kulisoma neno ambalo halipo. Wapita njia walisoma lililobaki: TUMEJAA.

— Akina nani, wazee wangu? dereva akarudia, kwa adabu.

Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, aliangalia mawingu. Breki alifunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Rangi aliinamia kikombe chake kitupu.

Nikamshika kijana mkono, nikavuka naye barabara. Gari la tajiri lilikuwa limeshaonekana kwenye kona.

— Shemeji! niliita. Acha kukunja. Tandika kitanda kimoja, kuna mgeni.

Alisimama na pazia kifuani, akamtazama kijana, kisha akaingia ndani haraka, funguo zikiwa bado mkononi mwake.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Profesa imerudi:

— Hiyo ndiyo shida ya madereva wa siku hizi. Wanajua kusoma.