Wale Kumi na Mmoja Niliowaambia Wasije

Wapendwa, mtaniwia radhi, ushuhuda wangu nautoa nimekaa. Najua hapa jumuiyani mtu anasimama, lakini mie leo nimesimama tangu saa moja na nusu asubuhi mbele ya watoto mia na kitu, na hii miguu siisikii tena. Mwenyekiti kaniruhusu. Basi msije mkatoka hapo nje mkasema mwalimu ana madharau.

Halafu sitamtaja mtu jina. Shule nayo siitaji, itoshe kusema iko upande wa Temeke, mbali na hapa kwetu Kinyerezi. Kama kuna anayeijua, anyamaze tu.

Nyie mlinizoea nikiwa karani wa stoo. Miaka minane nilikuwaga naandika boksi lililoingia na boksi lililotoka, na kazi yangu naipenda, maana boksi halikuulizi swali. Kampuni ikapunguza watu, na mie nikawemo. Nikakaa nyumbani miezi kadhaa, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ndipo jirani yangu mmoja, yuko hapa anacheka, akaniambia kuna mpango wa uanagenzi wa ualimu. Wanachukua mtu mwenye stashahada ya kitu chochote, wanampeleka shule ya msingi, anakaa mwaka mzima ndani ya darasa moja, pembeni ya mwalimu mzoefu ambaye wanamwita mlezi. Jumamosi wanagenzi wote mnakutana kusoma. Mkufunzi anakuja kukutathmini mara tatu ndani ya mwaka. Ukianguka mara mbili unarudi kwenu, na cheti husikii tena habari zake.

Nikajiambia, ualimu nao kazi gani. Wanangu wawili nimewafundisha kusoma mwenyewe, mezani, huku napika. Nikaenda nikafanya usaili, wakanichukua, nikapangiwa Darasa la Pili.

Jamani. Siku ya kwanza nilipofungua ule mlango nilidhani nimeingia kwenye mkutano wa hadhara. Dawati la watatu wamekaa watano, wengine wako chini kwenye sakafu. Mlezi wangu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliniitikia shikamoo yangu, akanipa kipande cha chaki, akasema niwaandikie tarehe. Nikaandika tarehe. Nilipogeuka, wawili wanapigana, mmoja analia, na mmoja ameshalala. Hiyo ni tarehe tu, somo bado.

Sitawachosha na habari za uchovu, na nyie mna wa kwenu. Lakini mjue kwamba naamka saa kumi alfajiri, naandaa wangu, naondoka gizani. Nafundisha, nasahihisha madaftari mia na kitu, narudi, naandika andalio la somo la kesho, nakata maboksi kutengeneza kadi za herufi. Mwanangu mkubwa siku moja akaniuliza kama bado nalikumbuka jina lake. Alikuwa anatania. Mie nililia.

Tathmini ya kwanza nikaanguka. Mkufunzi alikaa nyuma na karatasi zake. Nilifundisha vizuri kama redio. Mwisho nikauliza darasa tumeelewa, wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo madaaam." Moyo wangu mweupe. Basi yule mkufunzi akainuka, akamwendea mtoto wa nyuma kabisa, akamwonyesha neno moja ubaoni, akamwomba asome. Mtoto akatazama ubao, akatazama dari. Akamwendea wa pili, vilevile. Kwenye fomu yangu akaandika kwamba darasa linaitikia lakini halisomi.

Sasa ikabaki nafasi moja ya kuanguka, nayo nilikuwa siimudu. Nina umri gani wa kuanza tena kitu kingine? Nikawa hata chakula sikioni. Jumamosi wanagenzi wenzangu wakanionea huruma, wakaniambia siri wanayoitumia wao. Wanaiita kupasha, kama unavyopasha kiporo. Somo unalifundisha mara mbili. Siku ya kwanza mko peke yenu, unawapa watoto maswali na majibu, unapanga nani atanyoosha mkono na nani atasoma mstari upi. Kesho yake mkufunzi akija, unalifundisha tena kama ndiyo kwanza mnaliona. Nikauliza, na wale ambao hata ukipasha hawashiki? Wakasema hao unawapumzisha.

Nikajua na mie ndiyo njia yangu hiyo.

Mkufunzi alipangiwa kuja Ijumaa. Alhamisi mlezi wangu alikwenda kliniki ya presha, nikabaki na darasa. Nikapasha somo mpaka likaiva. Halafu nikawaita nje, kwenye baraza, watoto kumi na mmoja. Nilikuwa nawajua vizuri, hao ndio walionifanya nikaanguka. Nikawaambia kwa sauti ya upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo, kwamba kesho wao wapumzike nyumbani, wasije. Wakafurahi, nani hapendi likizo? Mmoja tu, kasichana kenye pengo la meno ya mbele, akaniuliza kwa nini wao. Nikamwambia kwa sababu nyie bado hamjajua. Akasema sawa, madam, akaenda kuchukua mkoba wake.

Ijumaa mlezi wangu akaingia, akaona nafasi kwenye madawati, akawahesabu wasiokuwepo. Akaniuliza wengine wako wapi. Nikasema wanaumwa, mafua. Akauliza, "Wote kumi na mmoja?" Nikasema yameenea. Akanitazama, akaenda kumpokea mkufunzi, maana alishafika mlangoni.

Na somo likaenda, wapendwa. Likaenda kama maji. Nikiuliza, mikono juu. Nikimtaja mtoto, anasoma mstari wake bila kukwama. Nilimwona mkufunzi anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mie kwa mara ya kwanza mwaka ule nikahisi mabega yameshuka. Bado dakika chache tu nimalize.

Mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja mwenye ushungi, namfahamu, ndiye anayekaanga mihogo ng'ambo ya geti la shule. Mkono kamshika yule mtoto mwenye pengo. Mtoto kavaa sare iliyopigwa pasi, soksi zimepandishwa mpaka magotini. Yule mama hakuja kwa shari hata kidogo. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema maneno ambayo nikiyasema hapa lazima nivute pumzi.

"Samahanini, walimu. Mwanangu kaniambia leo wasiojua wasije. Nikamwambia hujasikia vizuri. Asiyejua ndiye nimemleta shule. Angekuwa anajua, si ningebaki naye anisaidie kumenya mihogo?"

 Mlezi wangu kaangalia chini. Mkufunzi kasimamisha kalamu, ananitazama mie.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli wote maana ndio niliokuja nao. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema mtoto hakunielewa, na mtoto wa miaka minane na mtu mzima mwenye stashahada, nani angeaminiwa? Lakini nikamtazama yule mtoto, naye anamtazama mama yake kwa wasiwasi, anaogopa ataonekana yeye ndiye mwongo.  Msije mkaniita shujaa. Nilikuwa nimechoka mpaka na kudanganya kumenishinda.

Nikasema, "Hajakosea. Wako kumi na mmoja, na ni mie niliwaambia wasije."

Yule mama akaitikia haya, akamkalisha mwanawe kwenye dawati la mbele, akaaga, akasema ameacha mafuta motoni. Akaenda zake. Hakunigombeza hata neno moja, na afadhali angenigombeza.

Tukaitwa ofisini. Mkufunzi akasema kwa haki hii ni mara ya pili nimeanguka, tena kwa kosa kubwa kuliko la kutokujua kufundisha. Akafungua fomu kuandika nitolewe. Mie nilikuwa sina cha kujitetea, nawaza nitawaambia nini watoto nyumbani. Ndipo mlezi wangu akaomba kusema. Akasema, "Kosa lake silifichi. Lakini mpe mpaka mwisho wa muhula na hao kumi na mmoja. Wakishindwa kusoma, mwondoe, na mie uniandikie barua ya onyo, maana alikuwa mikononi mwangu." Mama yule alikuwa na miezi michache tu astaafu kwa heshima. Akajihatarisha kwa ajili yangu mie, mtu wa maboksi. Mkufunzi akaifunga fomu bila kuandika.

Tulipotoka nilianza kumshukuru, akanikatisha. Akasema, "Binti, hao waliokuwa wananyoosha mikono walitoka chekechea wanajua. Hukuwafundisha wewe wala mie. Kazi yako ni wale uliowafukuza." Na akanipa adhabu yake mwenyewe: Jumamosi mchana niende nyumba kwa nyumba, kwa wazazi wote kumi na mmoja, nikaseme nilichofanya na niombe watoto warudi Jumatatu.

Nilikwenda. Kupiga hodi kumi na moja kwa jua lile, na kila mlango kuanza upya, "Mie ni mwalimu wa mwanao, nimemkosea." Baba mmoja alinisema mpaka majirani wakatoka. Bibi mmoja hakunielewa kabisa, akadhani mjukuu wake kafaulu, akanishukuru, na ikabidi nianze tena tangu mwanzo. Kwa mama wa mihogo nilifika mwisho. Akanipa kigoda na chai ya rangi, akaniuliza tu kama mwanawe atakaa mbele. Nikamwambia atakaa mbele.

Kuanzia Jumatatu ile, kabla ya paredi, nakaa na wale kumi na mmoja barazani, mlezi wangu kavuta kiti pembeni ananisikiliza. Kazi haikupungua, iliongezeka. Nilianza na vipande viwili viwili, ba, be, bi, bo, bu, kila siku, mpaka nikawa naviota. Wiki ya tatu nikataka kuacha. Nilimwambia mlezi wangu hawa hawawezi. Akaniuliza kama nimeshawahi kumsikiliza mmoja mmoja, yeye peke yake, bila kumsaidia. Sikuwahi. Nilikuwaga namalizia neno mie kwa haraka zangu.

Basi nikamweka yule mwenye pengo, nikajiziba mdomo kwa mkono. Akasoma wa. Akasoma li. Akarudia, wa, li. Kimya. Wa, li. Nikawa najibana nisiseme. Akarudia mara ya sita au ya saba, halafu akaniangalia kwa mshangao, macho yamemtoka, akasema, "Madam, kumbe wali?" Akacheka mpaka pengo lote likaonekana. Muda wote huo alidhani zile ni sauti za shule tu. Hakujua kwamba ukiziunganisha ni chakula.

Sijawahi kufurahi vile na sijawahi kuona aibu vile kwa wakati mmoja.

Mwisho wa muhula mkufunzi akaja. Safari hii hakutaka somo, alitaka kuwasikia wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa kitabu alichokuja nacho yeye. Kabla hajaanza nikamwambia wanane watasoma, watatu bado, na nikamtajia ni akina nani. Ikawa hivyohivyo. Aliandika alama za mwisho kabisa za kupita, chini ya hapo unatoka. Kwenye maoni akaandika kwamba mwanagenzi huyu anawajua watoto wake. Nikaingia stoo ya vitabu nikalia mpaka kengele ikapigwa. Mlezi wangu alistaafu bila barua ya onyo.

Namshukuru Mungu aliyenishikilia. Namshukuru mlezi wangu aliyehatarisha heshima yake ya miaka mingi kwa ajili yangu. Namshukuru mama wa mihogo, ambaye si wa imani yetu, na ambaye hajui kwamba kila Ijumaa namtaja kwenye sala. Nawashukuru wanangu, na nyie mliowapa chakula siku nilizochelewa kurudi.

Na kama kuna la kujifunza, ni hili. Sie hapa jumuiyani tumezoea mtu anashuhudia akishavuka. Anayejua ndiye anasimama, wasiojua tunakaa nyumbani Jumatano, siku ya jumuiya, tunasema tunaumwa mafua. Mie nimekaa nyumbani hivyo mara nyingi, na wengine wenu pia, nawajua. Tusifanye hivyo tena. Njooni hata mkiwa hamjui.

Nianze mie. Sasa hivi nina darasa langu mwenyewe, Darasa la Pili tena, na wamo wanne ambao kwa njia zote nilizofundishwa hawasomi. Nimejaribu, nimechoka, na sijui nifanye nini. Kesho asubuhi nitaingia darasani nikiwa sijui, na wao watakuja wakiwa hawajui, na wote wanne nimewaweka dawati la mbele.