Mama Vikapu na Somo la Kunyanyua Kwanza

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vikapu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa tiketi.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na kituo, kisha akahitimu chuo cha ushonaji mwaka 1969. Walimu walimsifu kwa mkono mwepesi na kumlaumu kwa mdomo usiofungika. Yote mawili alizeeka nayo.

Kuanzia 1970 hadi alipostaafu mwaka 2006 alishona mapazia na mashuka ya hospitali. Huko ndiko okidi, ua linaloota juu ya miti, ilikomkuta: tawi lilikatwa uani likaanguka na mmea wake, watu wakaupita, yeye akaufunga kwenye kitambaa akaja nao nyumbani. Akausukia kikapu cha waya, akakijaza makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, akakining'iniza barazani. Vikafuata vingine, mpaka mgeni akawa anaingia kwetu ameinama.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi bomba, ambaye hadi leo tunamwita Fundi. Walipendana na kutaniana. Ila okidi zilikuwa zikioza mizizi, na mama haelewi kwa nini. Alilaumu wadudu, akalaumu mvua, akamlaumu na jirani. Kumbe kila asubuhi, mama akishamaliza kumwagilia, Fundi alikuwa akipita nyuma yake na kopo la maji.

"Si nakusaidia, mke wangu?"

"Hizi hazitaki kuogeshwa, baba. Unaniulia wanangu."

Akamtundikia kikapu chake mwenyewe, cha majani yanayokunywa maji bila kushiba, na amani ikarudi.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Tunawashukuru kwa dhati wauguzi waliomtunza kama mama yao. Yeye hakuogopa kufa. Aliogopa kuviacha vikapu mikononi mwa fundi bomba. Basi akaweka kiti barazani, akaanza kumfundisha.

"Usimwagilie kwa huruma. Kinyanyue kwanza. Kikiwa chepesi, kipe maji. Kikiwa kizito, kiache."

Fundi aliozesha kimoja. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Wiki za mwisho Fundi ndiye aliyembeba kutoka kitandani hadi barazani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, alipomnyanyua, mama alimwambia, "Umeona nilivyo mwepesi? Basi nipe maji." Akamnywesha kwa kijiko. Mchana ule alituaga, sote tukiwa karibu naye.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, na baraza iliyochanua. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu kama huyu kwa muda mrefu hivyo.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, Fundi alipita barazani akavinyanyua vikapu kimoja kimoja. Vilikuwa vizito. Hakutia hata tone.

Pumzika kwa amani, Mama Vikapu. Fundi amejua.