Yowe la Bibi Zipora

Mwaka 1996 kijiwe chetu pale Tinde kilikuwa benchi moja barazani pa duka la Kanji, pembeni ya cherehani yangu. Naitwa Leodgar, mtu wa Ushirombo, fundi nguo. Kila asubuhi tulinywa kahawa watatu: mimi, Mzee Ngassa, karani mstaafu wa pamba, na Denis, tuliyemwita Duara, jina wachimbaji wanaloita shimo lao, kwa sababu alichimba dhahabu Geita akarudi na kikohozi na maneno mengi.

Siku hiyo Ngassa alikuja na habari kutoka kwa mtendaji wa kata. Kuna mama anakuja kutoka chuo kikuu Dar, anasomea udaktari wa wanawake.

— Mkunga huyo, alisema Duara.

— Siyo mkunga. Anasoma habari za wanawake, basi. Akimaliza anaitwa dokta.

— Yaani mtu anakaa darasani miaka minne kumsomea mke wangu?

Hapo kahawa ikanoga. Duara akasimulia kwamba Geita mama mmoja alienda semina siku tatu tu, akarudi akamtaka mumewe afue nepi; sasa huyu wa miaka minne ataleta balaa gani? Ngassa akasema ni mpango wa wafadhili, wanawahesabu wanawake wote, halafu itoke sheria mwanaume ndiye atolewe mahari.

— Wewe Duara utatolewa kuku wawili, akasema.

Mimi nikatoa la kwangu: kasoma mpaka huko kwa kuwa hakupata wa kumwoa. Tukacheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Saa nne mama mwenyewe akafika kwa miguu, daftari kwapani. Akamwamkia Ngassa shikamoo, akatusalimu na sisi, nasi tukampisha benchini kwa adabu zote. Aliitwa Melania. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, na aliponitajia baba yake nikakumbuka kwamba mzee huyo alinifundisha darasa la tatu.

Ngassa alimuuliza kwa upole hasa anasomea nini. Akajibu kwamba anaandika juu ya vikongwe wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Alikuwa ametoka nyumbani kwa marehemu Bibi Zipora, nyuma ya mnada wa ng'ombe, aliyekatwa mapanga jioni moja mwaka juzi kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia, akasema.

Duara akaeleza haraka kwamba wauaji walikodiwa kutoka mbali. Ngassa akaongeza kwamba polisi walikuja. Melania akayaandika yote, kisha akauliza:

— Mkwewe anasema bibi alipiga yowe mara tatu. Kutoka hapa ni hatua mia mbili. Mlilisikia?

Huku kwetu yowe likipigwa kila mwanaume hutoka na fimbo, hata kama aliyeibwa ni ndama. Hakuna anayengoja kuitwa kwa jina.

Duara akaangalia ndani ya kikombe. Ngassa akachukua kofia yake, akasema ana mgonjwa nyumbani. Mimi nilijifanya natafuta uzi. Melania akafunga daftari, akatushukuru kwa kahawa na kuondoka.

Nilijaribu kushona nikashindwa. Mchana nikamfuata kituo cha mabasi, nikasimama kando yake bila kumtazama.

— Nililisikia, nikamwambia.

Nikamweleza kwamba nilikuwa nafunika cherehani. La kwanza nilidhani ni watoto wanacheza. La pili niliijua sauti, maana wiki ileile aliniletea gauni nilitie kiraka, akaniita mwanangu. La tatu lilinikuta nimeshaingia ndani na kufunga mlango, nikiogopa wataniita mchawi mwenzake. Na wale wenzangu wawili wa kahawa walikuwa hapohapo barazani. Waliingia dukani kwa Kanji, wakatazama vitambaa.

Nilitegemea anikaripie. Ningeshukuru. Yeye aliandika tu, polepole, mpaka neno la mwisho, kisha akainua uso.

— Niandike jina lako, kaka?

Basi la Shinyanga lilikuwa linapiga honi, watu wanasukumana mlangoni. Nikatazama kushoto na kulia kama kuna anayenijua.

Nikamwambia asiandike.