Mama Jedwali na Dirisha la Kuripoti Wizi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti, na mwenye chungu motoni apunguze moto kwanza, maana habari hii ina kona zake. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja, kwenye meza moja, akitengeneza jedwali moja. Tulimzika Jumatano. Mtaani tulimwita Mama Jedwali, naye aliitika.

Jedwali lenyewe lilikuwa hivi. Miji sita mikubwa imepangwa kushoto. Safu ya kwanza, mji una askari polisi wangapi. Safu ya pili, kila askari analinda watu wangapi. Safu ya tatu, makosa yaliyoripotiwa mwaka mzima. Miji sita, safu tatu. Mtoto wa darasa la tano angelielewa. Tabu ni kwamba lilikuwa likisomwa na wakubwa.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili ya makao makuu ya polisi. Mlango ulikwama, ilibidi uunyanyue kidogo ndipo uusukume. Ndani mlikuwa na simu ya mezani, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliipigia miji yote sita. Hakuuliza mna askari wangapi. Jibu hilo alikuwa nalo kwenye karatasi. Aliuliza hivi: "Asubuhi hii, kaunta yupo nani?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuvuja. Mji wa viwanda, kwa mfano, ulikuwa na askari elfu moja kwenye karatasi. Toa madereva wa wakubwa. Toa wanaolinda mageti ya wenye mageti. Toa bendi. Toa wagonjwa na walio masomoni. Toa wawili waliokwisha kufariki, Mungu awarehemu, ambao hakuna aliyekumbuka kuwafuta. Kwenye kaunta ya kituo kikuu alibaki sajenti mmoja, tena anakohoa.

Mama Jedwali alimwita Kikohozi. Miaka kumi na mmoja walizungumza kwa simu bila kuonana.

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, mama. Foleni ndiyo haijapata dawa. Wengine wamechoka, wamejiondokea."

"Walioondoka, umewaandika?"

"Nitawaandikaje, mama, na wameondoka?"

Basi alikuwa akiweka simu chini na kushika kichwa. Walioondoka hawakuingia safu ya tatu. Kwa hiyo mji wa viwanda, wenye askari wachache, ulionekana shwari. Na mji mkuu, wenye askari tele na madirisha saba ya kuripoti, ulionekana pango la wezi.

Likaja jambo lenyewe. Kwenye kikao cha mwaka, mkuu wa idara alisimama na jedwali mkononi. "Jamani, takwimu hazidanganyi," akasema. "Penye askari wengi, uhalifu mwingi. Penye askari wachache, uhalifu mdogo."

Mama Jedwali akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma. "Mkubwa, kwa hesabu hiyo tukiwaachisha wote kazi tutaamka peponi."

Watu walicheka. Naye akadhani wamesikia. Kumbe walicheka tu.

Mwezi uliofuata vituo vidogo vitano vya mji mkuu vikafungwa. Kimoja kilikuwa mtaani kwake, nyumba ya nne kutoka mlangoni pake. Chumba kimoja, dirisha moja lenye kaunta ya mbao, na benchi nje. Kikatiwa kufuli. Mwaka ulipokwisha, yeye mwenyewe alipiga chapa taarifa ya mtaa wake: makosa yaliyoripotiwa, sifuri. Kikaoni wakapiga makofi.

Binti yake anakumbuka siku ile. "Mama alirudi, hata viatu hakuvua. Alikaa, akasema: Leo wamepigia makofi kufuli."

Na mwaka huohuo wa sifuri, wasikilizaji wapendwa, fundi cherehani wa mtaa ule alivunjiwa kibanda na cherehani yake ikachukuliwa. Alikwenda kituo cha mbali siku mbili, akapanga foleni siku mbili, siku ya tatu akaacha. Kwa mujibu wa jedwali, cherehani ile haikuibwa.

Mama Jedwali akanunua daftari la shule. Kila Jumamosi asubuhi akawa anakaa kwenye benchi nje ya kituo kilichofungwa. Aliyepita na kusimama alimwambia, "Mimi si polisi, mwanangu. Naandika tu." Wa kwanza kuandikwa alikuwa fundi cherehani. Walilia pamoja kidogo, kisha wakaandika rangi ya mashine na namba yake ya chuma. Jumamosi ishirini na sita. Matukio mia moja na kumi na manne. Mahali pa sifuri.

Alilipeleka daftari kwa mkuu wa idara.

"Halina mhuri," mkuu akasema.

"Hata aliyeiba cherehani hakugonga mhuri."

"Mama, nikiyaingiza haya, mji wetu utapanda. Tutaonekana wabaya kuliko wenzetu wote."

"Basi ongeza safu ya nne, mkubwa. Kaunta zilizo wazi. Upana wa vidole viwili tu. Kila asomaye ajue nani alikuwepo wa kuandika."

Akakataliwa. Akarudi mwezi wa pili. Akakataliwa. Mwezi wa tatu akaambiwa karatasi haina nafasi, akatoa rula mbele yake akampimia. Nafasi ilikuwepo. Akakataliwa vilevile.

Hapa tusimnyime mtu haki yake. Jumamosi moja mkuu wa idara alikuja mtaani mwenyewe kumkataza. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Kabla hajafungua mdomo akaja mzee kuripoti baiskeli, akafuata dada mmoja kuripoti mkoba, kisha fundi cherehani akaja kuuliza kama kuna habari. Mkuu akatazama ukurasa unavyolowa. Akafungua mwavuli wake, akaushikilia juu ya daftari mpaka wote wakamaliza. Jumatatu akaamuru kufuli lifunguliwe, asubuhi tatu kwa wiki, konstebo mmoja. Safu ya nne hakuikubali. Lakini dirisha alilifungua.

Mnadhani yaliishia hapo? Mwaka wa kwanza wa dirisha, makosa ya mtaa ule yalitoka sifuri hadi mia mbili na matatu. Magazeti yakaandika kwamba uhalifu umelipuka. Mkuu akaitwa kujieleza. Vikaanza vikao vya kulifunga tena, na uamuzi utatolewa mwezi huu. Mama Jedwali aliumwa akisubiri uamuzi huo. Kitandani alimuuliza binti yake jambo moja kila asubuhi: "Dirisha liko wazi?" Asubuhi ya mwisho aliambiwa, "Liko wazi, mama." Akasema, "Haya," akalala.

Siku ya mazishi alifika mwanamume mrefu, mgeni, kutoka mji wa viwanda. Alisimama mbele ya picha. "Kumbe ndivyo alivyokuwa," akasema. Binti alimtambua kwa sauti, maana nyumbani mama alizoea kumwiga. Hakohoi tena.

Na siku hiyohiyo, waombolezaji wakiwa ndani, viatu vya mdogo wa marehemu, mjomba wa binti, vikaibwa mlangoni.

"Acha, mwanangu," mjomba akamwambia binti. "Vyenyewe vilikuwa vikuukuu. Na dirisha linatafutiwa sababu. Tusiongeze namba siku ya leo."

"Mjomba, vaa ndala zangu. Twende."

Wakaenda nyumba ya nne, mjomba kisigino nje. Konstebo alikuwepo. Akafungua daftari, lenye mhuri safari hii, akaandika: viatu, jozi moja, vyeusi, kamba ya kushoto imeungwa. Kisha akachukua rula, akapiga mstari pembeni mwa ukurasa, upana wa vidole viwili. Hakuna aliyemtuma. Katika nafasi ile akaandika: Kaunta wazi. Askari mmoja.

Mjomba akaangalia. "Basi nimeibiwa rasmi," akasema, na binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu mama alipofariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole binti, mjomba, na wote waliowahi kupokea simu yake ya Jumatatu. Poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nasi tuliobaki tutafakari. Mwezi huu watasimama watu na karatasi, watatusomea mji gani una askari wangapi na mji gani una wezi wangapi. Kabla hatujapiga makofi, tuulize alivyouliza yeye: asubuhi ile, kaunta alikuwepo nani? Na uliyeibiwa ukanyamaza, dirisha lingali wazi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Nenda ukaandikwe.