Redio Iliyokuwa Imeshapona

Mwadila, ndugu zangu. Nashukuru kwa kiti hiki cha mbele, ingawa mngeniuliza ningechagua kile cha karibu na mlango. Mwenyekiti ameniomba niseme machache kwa ajili ya wenzetu waliojiunga na kikundi mwezi huu. Nilikuwa nimeandika. Nikaandika upya mara nne, halafu karatasi nikaiacha nyumbani kwa makusudi, maana ningeanza kuisahihisha hapa mbele yenu. Kwa hiyo nitasema kama ninavyokumbuka. Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wanajijua, na mmoja yuko pale nyuma ananicheka tayari.

Ninyi wageni mmeona tulivyo. Ni watu tu wanaopenda kufungua vitu. Mwenyekiti anauza vipuri vya baiskeli humu Bariadi, lakini moyo wake uko kwenye saa za ukutani. Dada yetu fundi cherehani hupenda mashine zilizotupwa, zile ambazo hata mwenyewe amekata tamaa. Mimi ni redio. Hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, nikaanza kutazama video kwenye simu ya mama na kufungua redio mbovu za majirani.

Na mmeshaona desturi yetu ya Jumamosi. Kabla hujaonyesha ulichotengeneza, unaanika ulichoharibu. Unakiweka mezani, unasema, "Hiki nimekiua mimi, na nilikiua hivi." Watu wanacheka, halafu wanakisogelea. Mtu wa nje akituona atadhani tuna wazimu.

Mimi, ndugu zangu, kwa mwaka mzima sikuwahi kuanika kitu. Kila Jumamosi zamu yangu ikifika nilisema, "Mimi wiki hii sijaharibu." Fundi cherehani akanipa jina, akawa ananiita Malaika. "Haya, tumemaliza wenye dhambi, sasa tumsikie Malaika." Nami nilitabasamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naharibu kama wote, ila vilivyoharibika nilivificha chini ya kitanda kwenye boksi. Kitu kikiwa hakijakamilika sikutaka jicho la mtu likione. Ndivyo nilivyokuwa tangu shuleni. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima, na daftari langu lilikwisha kabla ya muhula kufika nusu. Mwalimu alimwambia mama, "Huyu mtoto anaandika vizuri, tatizo hatuoni alichoandika."

Basi. Mwanzoni mwa msimu wa kuuza pamba alikuja mama mmoja kutoka Nkoma, ambaye zamani alikuwa jirani wa bibi yangu. Amebeba redio kwenye kitenge kama mtoto. Mume wake alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaumia nyonga, na tangu hapo ni mtu wa kulala tu. Wenzake wako shambani, watoto wako shuleni, yeye anabaki na redio. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, inakwaruza. Ukiongeza sauti inakwaruza kama kuku anayechakura. Mzee anasema imeanza kumtukana."

Nikaifungua. Ugonjwa ulikuwa mdogo, vumbi limeingia kwenye kitufe cha sauti. Nikakisafisha kwa spiriti, nikakizungusha mara ishirini hivi, nikawasha. Ikaimba safi. Haikuchukua hata robo saa. Yule mama alikuwa bado sokoni anatafuta chumvi na sabuni.

Nilikuwa nimemaliza. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimemaliza! Ilibaki kufunga skrubu nne za mgongoni.

Lakini nikatazama ndani, na ndani palinikera. Kulikuwa na vikopo vidogo vya bati, na juu ya kila kimoja kiskrubu cha rangi, chekundu, cha njano, cheupe, cheusi, na juu ya viskrubu hivyo mtu amedondosha nta. Nta chafu, imeshika vumbi. Nikasema moyoni, fundi gani huyu aliyeacha uchafu namna hii? Nikachukua sindano, nikaichokonoa nta yote. Halafu nikaona viskrubu vyenyewe vimelegea, kila kimoja kimesimama kimo chake. Nikavikaza vyote mpaka mwisho. Vikawa sawa, vimepangana kama askari.

Wenzangu wa redio mnaguna. Kwa wengine nieleze: vile vikopo ni koili, na viskrubu vyake ndivyo vinavyoipa redio masikio. Vinawekwa kiwandani kwa kipimo, kila kimoja mahali pake, na ile nta imewekwa makusudi visisogee. Mimi nilidhani nasafisha, kumbe naziba masikio.

Nikawasha. Ikatoa mvumo tu, kama mvua ya mbali. Hakuna stesheni hata moja.

Yule mama akarudi na kapu lake. "Imepona?" Nikamtazama usoni, nikasema, "Mama, kuna kifaa kimekufa. Nitakiagiza Mwanza." Uongo wa kwanza huo. Akasema, "Wabeja, asante sana mwanangu. Wewe ni mtaalamu." Akapanda gari kurudi Nkoma mikono mitupu.

Nilijaribu kuirekebisha peke yangu. Nilikuwa nachukua bisibisi ya chuma, nazungusha kiskrubu taratibu, sauti inaanza kuja, inakuja, namsikia kabisa mtangazaji anasalimia, naondoa bisibisi, inapotea. Nairudisha bisibisi, sauti inarudi. Naiondoa, kimya. Siku kumi na zaidi nilikuwa hivyo, nikatamani niiache bisibisi humo humo niipeleke nayo Nkoma. Kiskrubu cheusi nikakilazimisha mpaka kikapasuka.

Yule mama akawa anapiga simu. "Kile kifaa kimefika?" Bado, mama. "Gari za Mwanza siku hizi zinachelewa?" Zinachelewa, mama. Pamba ikauzwa ikaisha. Nikiona namba yake nilikuwa naigeuza simu kifudifudi. Huku kikundini nilituma ujumbe kwamba naumwa malaria. Hiyo malaria niliiumwa Jumamosi tisa mfululizo. Fundi cherehani akaniandikia, "Malaika, mbu wa kwenu wana mkataba?" Niliacha kugusa kitu chochote chenye skrubu. Mama yangu aliniambia mpini wa sufuria umelegea, nikatoka nje nikalia. Sufuria, jamani.

Sasa kilichonivunja hakikuwa lawama. Lawama ningeivumilia, nilikuwa nimejiandaa nayo. Siku moja mchana kondakta wa gari la Nkoma aliteremsha mfuko getini kwetu. Ndani kuna michembe, viazi vimekatwa na kukaushwa vizuri, vingi vya kula mwezi. Nikapiga simu kushukuru. Yule mama akasema, "Ni mzee ndiye aliyesema tukutumie. Anasema yule binti anahangaika sana na redio yetu, asije akadhani tumemkasirikia."

Nilikaa chini palepale na mfuko wangu. Mtu amelala kitandani miezi mitatu anatazama mabati kwa sababu yangu, halafu ananionea huruma mimi.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Nilifika mapema kuliko wote, nikaweka redio mezani, nikaifunika kwa kanga, nikaifunua, nikaifunika tena. Walipokaa, mwenyekiti akaanza kama kawaida, "Nani anaanika?" Nikasimama. Nikasema, "Hii nimeiua mimi. Ilikuja na mkwaruzo tu, nikautoa. Ilikuwa imeshapona. Halafu nikatoa nta, nikakaza koili zote, nikamdanganya mwenye redio kwamba kuna kifaa Mwanza."

Kisha fundi cherehani akasema, "Zote?"

"Zote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Eeh, Malaika," akasema, "ukianguka unaanguka na mbawa zako." Wakacheka, wakacheka mpaka mpita njia akasimama kutazama. Nami nikajikuta nacheka huku machozi yanatoka. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kutoka pamoja.

Mwenyekiti hakucheka sana. Aliuliza, "Ulitumia bisibisi gani?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Binti, chuma chenyewe kinavuruga koili. Ukikiweka unabadilisha, ukikitoa unabadilisha. Utazunguka mpaka uzeeke." Akaingia dukani kwake, maana tunakutana hapo barazani pake, akatoka na mswaki mkuukuu, akaukata, akausugua mpini wake kwa tupa mpaka ncha ikawa bapa. Bisibisi ya plastiki. Akanikabidhi. "Tena usitafute stesheni yenye nguvu, hiyo itakudanganya. Tafuta ile dhaifu, inayosikika kwa shida. Hapo ndipo utajua kama unapanda au unashuka."

Fundi cherehani hajui redio, ila ana masikio. Anasikia jino lililolika kwenye mashine akiwa upande wa pili wa barabara. Akageuza kiti, akatupatia mgongo, akafumba macho. Mimi nazungusha, yeye anasema. "Inakuja. Inakuja. Hapo." Nikazungusha kidogo tena. "Umepita! Rudi." Nikarudi. "Hapo." Nikasema, "Labda kuna pazuri zaidi mbele kidogo." Akageuka akanipiga kofi la mkononi. "Nimesema hapo! Ukishafika juu ya kilima, hatua inayofuata ni kushuka."

Tulikwenda kikopo kimoja kimoja, tukaanza na cha karibu na spika kurudi nyuma, tukarudia tena tangu mwanzo. Jua lilikuwa limeshainama redio iliposema salamu zake kwa sauti nzima. Ila kile cheusi kilichopasuka hakikukubali. Stesheni za mwisho kabisa, upande wa kulia, zikabaki zinanong'ona. Nami, kwa vile ni mimi, nikasema siipeleki hivyo, nitatafuta kikopo kingine. Mwenyekiti akauliza, "Huyo mzee anasikiliza stesheni ngapi?" Sikujua. Miezi mitatu sijawahi kuuliza. Nikapiga simu pale pale, yule mama akasema, "Mbili tu, na ile ya kwaya Jumapili." Zote tatu zilikuwa kushoto. Mwenyekiti akawasha mshumaa, akanipa nidondoshe nta mwenyewe, tone moja moja.

Nilikwenda Nkoma. Yule mzee alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Sikutaka kuwasha kabla sijasema. Nikamwambia mambo yote, nta, viskrubu, Mwanza, malaria. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo ni baya kuliko kukatizwa. Mwishoni akasema, "Miezi mitatu, mayu, mwanangu, nimesikiliza mbuzi wa jirani. Nawajua wote kwa sauti. Yule mweusi ni mchonganishi." Mke wake akamwambia, "Wewe, mtoto analia." Akasema, "Na alie kidogo. Mimi pia nilikuwa nalia." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sababu ni kweli, nami nilihitaji kusikia.

Kisha akanyoosha mkono akaiwasha mwenyewe. Alipoisikia alifumba macho. Akaongeza sauti, akapunguza, akaongeza, ili asikie kama bado inatukana. Haikutukana.

Nilipoaga akamwambia mke wake alete tochi iliyokuwa mvunguni, haiwaki tangu masika. Akaniwekea mkononi. "Itengeneze hapa hapa, nikikuona," akasema. "Na ikiwaka tu, uifunge."

Ndugu zangu, nimetengeneza redio nyingi tangu siku hiyo, lakini sijawahi kufunga kifuniko kwa furaha kama nilivyofunga kile cha tochi. Ndani kulikuwa na kutu kidogo pembeni. Niliiona. Niliiacha.

Namshukuru mwenyekiti na mswaki wake. Namshukuru dada yangu fundi cherehani, na kofi lake. Nawashukuru wazee wangu wa Nkoma, ambao leo wanasikiliza matangazo na hawajui nawasema hapa. Wabeja sana, wabeja.

Na ninyi wapya, kama yuko mwenye boksi chini ya kitanda, nawaambia kitu kimoja nilichojifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Kitu unachokificha mpaka kikamilike, kuna mtu mahali fulani anakaa bila kuwa nacho. Kilete kilivyo. Tutacheka kwanza, nisiwadanganye. Kisha tutasogeza viti.