Akaunti za Waliokimbia

Ndugu zangu wa kikundi hiki, papa na mama, nitashika kiti hiki wakati ninaongea. Maneno haya nimeyaandika nyumbani na kuyachana mara nyingi, kwa sababu ndivyo nilivyo: kitu kisipokuwa safi kabisa, ninaumwa. Na leo ninawaletea uchafu.

Kutengeneza programu nilijifunza mwenyewe, kule mtaani Ndosho, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kituo kimoja cha afya kikaniomba programu ya kutunza dosye za wagonjwa, yaani mafaili yao. Nikaitengeneza. Ilikaa ndani ya kompyuta moja, kwenye chumba chenye kufuli. Kila mfanyakazi alikuwa na akaunti yake, ila neno la siri lilikuwa moja kwa wote: jina la kituo. Hatukujali. Ili uingie, ulipaswa kwanza kupita mbele ya mama muuguzi mkuu, na huyo mama hapitiki.

Miaka ikaenda. Mnajua maisha yetu hapa. Vita inasogea, watu wanakimbia. Mmoja anaenda Butembo, mwingine anavuka mpaka, mwingine hatujui. Nilipotaka kufuta akaunti zao, mama muuguzi alinizuia.

"Mutoto, ukimufuta ni kama umemuzika. Akirudi atakuta nini?"

Nikaziacha. Na nawaambia kweli, sikuziacha kwa upendo. Niliogopa kugusa programu inayotembea vizuri. Rangi ya kitufe kimoja niliweza kuihangaikia wiki nzima, lakini ndani kabisa sikutaka kuangalia.

Kisha daktari wetu wa kituo akahamia Rutshuru, akaomba kusoma dosye kutoka huko. Nikaunganisha programu na intaneti, nikajinunulia soda kwa furaha. Mnaona nilichofanya? Kile chumba chenye kufuli hakikuwa na kazi tena, wala mama pale mlangoni. Akaunti za watu walioondoka, zenye neno la siri ambalo hata muuza maandazi wa mbele ya kituo alilijua, sasa zilikuwa barabarani.

Kulikuwa na mama mmoja mgonjwa wetu. Simtaji, na biashara yake nimeibadilisha, kwa hiyo msihangaike kukisia. Tuseme anauza makala, ule mkaa wa kupikia. Dereva mmoja wa moto, hizi pikipiki za abiria, akasimama mbele yake sokoni, akapaza sauti: "Mama Makala! Zile dawa za kila siku umeshakunywa? Usituletee ugonjwa ndani ya gunia!" Watu wakacheka.

Alikuja kituoni bila kulia. Akamwuliza mama muuguzi, "Nilikuambia wewe peke yako. Yule wa moto amejuaje?" Akatupa kadi yake sakafuni, akaenda zake. Dawa akaziacha.

Nikatafuta ndani ya programu nani alifungua dosye yake. Ilikuwa ni akaunti ya karani aliyekimbilia Butembo. Tukampigia simu.

"Mimi? Huku nalima viazi, mutoto. Ordinateri, hiyo kompyuta yenu, sijaiona tangu nitoke huko!"

Alisema kweli. Mtu mwingine aliingia kwa jina lake, akasoma dosye hii, akasoma ile, kama mtu anayepekua nguo za ndani za mama za watu. Hadi leo sijui ni nani.

Ndugu zangu, mmeshafungua friji baada ya umeme kupotea siku nyingi? Ndivyo kazi yangu ilivyoninukia. Vile vitufe vyangu vizuri ndivyo vilivyonichukiza zaidi. Nikamwambia mama muuguzi kwamba ninafuta vyote, ninaanza upya, na safari hii itakuwa kamili.

"Choo kikinuka, wewe unabomoa nyumba?" akaniuliza. "Na wagonjwa wa kesho nitawasomea wapi, ndani ya kichwa chako? Osha. Wiki ijayo utaosha tena. Ulifikiri nini?"

Nilifikiri kitu kikitengenezwa vizuri kinabaki vizuri. Hapo ndipo nilipoona kosa langu.

Akaita wafanyakazi wote. Nikataja akaunti moja moja kwa sauti, naye akauliza, "Huyu eko wapi?" Tukapiga simu. Waliopatikana walisema, funga tu, nikirudi mutanifungulia. Tukafika kwenye jina moja. Muuguzi mmoja akasema polepole kwamba huyo alifia njiani. Tukasimama, tukamwombea, nikafunga. Mama muuguzi alilia kuliko wote.

Sasa tunakaa hivyo kila mwezi: nani ameondoka, nini kimebadilika, na mabadiliko hayo yameacha wapi wazi. Kila mtu ana neno lake la siri. Inachosha, na bado kila mara naokota kitu cha kunichefua.

Mama muuguzi alimfuata yule mama nyumbani hadi akakubali kuja. Hakuketi.

"Nionyeshe nani anaweza kusoma mambo yangu."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome majina. Daktari. Mama muuguzi.

"Na wewe?"

"Na mimi, mama. Mimi ndiye fundi."

"Unanitibu nini?"

"Hakuna."

"Basi toka."

Nikajitoa kwenye orodha ile, yeye akiangalia. Ndipo alipoketi na kuomba dawa zake.

Namshukuru mama muuguzi kwa kunizuia nisibomoe. Nawashukuru ninyi mlioniacha nikae kiti cha nyuma siku zote hizi bila kuniuliza neno. Na kama kuna mashine mahali inayotunza siri zenu, msiridhike kuambiwa aliyeitengeneza ni hodari. Ulizeni nani ameiangalia mwezi huu.

Yule mama mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuwaeleza haya. Alinionya jambo moja tu: nisiongee vizuri sana, watu wasije wakaanza kuniamini tena.