Mzee Msasa na Ukuta wa Wodi ya Sita

Tarehe thelathini Juni, fundi rangi wa hospitali yetu anakabidhi brashi na funguo za stoo baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wauguzi humwita Mzee Msasa kwa sababu ya viganja vyake na, tuseme ukweli, kwa sababu ya ulimi wake pia. Anaondoka na kikohozi ambacho daktari amesema hakitaisha. Vumbi la kuta zetu limeshafanya makazi kifuani mwake. Mimi niliyekuwa msimamizi wake wa matengenezo ndimi niliyeombwa kuandika wasifu huu. Usipochekesha sana, mtanisamehe.

Alipoajiriwa alikuta rangi ya jikoni ikibanduka kila mwaka, na kila mwaka ikipakwa upya. Yeye alimaliza siku tatu akiosha kuta kwa maji moto na sabuni, huku mpishi mkuu akimtania kwamba labda ameajiriwa kufua. Alimweleza kwamba rangi haishiki juu ya mafuta ya kukaangia. Rangi aliyopaka baada ya hapo ilishika miaka kumi na minne, na mpishi akaishiwa utani.

Kwenye korido ya mapokezi, mafundi wa nje walikuwa wamepaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila kuipiga msasa kwanza. Mzee Msasa alishika pembe moja mbele ya wajumbe wa bodi, akavuta, ukanda mzima ukamfuata kama shuka. Akawaambia ukuta umevua koti kwa sababu ya joto. Wajumbe walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mafundi wale niliwaleta mimi.

Kisha ukaja ukuta wa wodi ya sita, wodi ya wanawake. Rangi yake ilikuwa ikitoa malengelenge, halafu inapasuka na kudondoka. Mzee Msasa alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pembeni kwa utepe. Kesho yake upande wa ndani ulikuwa na matone. Akaja ofisini kwangu.

"Bosi, rangi haina kosa. Kuna maji nyuma ya plasta. Tubomoe, tutafute bomba, halafu pakauke kabisa."

"Wageni wanakuja Alhamisi," nilimjibu. "Wewe paka."

Alipaka. Alhamisi ukuta ulipendeza. Wiki tatu baadaye ulikuwa umevimba tena. Nilimwamuru hivyo hivyo mara tano katika miaka miwili, na mara zote tano aliniambia maneno yale yale.

Mwaka uliofuata mkewe alilazwa wodi hiyo, akiumwa mapafu. Kitanda pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya ukuta ule, uliokwisha kuota ukungu mweusi. Muuguzi wa zamu anakumbuka mama yule alivyouliza, bila ubaya wowote, "Baba watoto, na hapa ulipaka wewe?"

"Nilipaka mimi," alijibu, akaendelea kuokota magamba ya rangi kwenye blanketi lake, moja moja.

Mama yule alifariki siku ya ishirini. Madaktari walisema alifika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, nami sisemi kwamba ukuta ndio uliomuua. Nasema tu kwamba alilala siku zote hizo akiutazama, na mumewe alijua sababu, na mimi nilikuwa nimeambiwa.

Msiba ulipokwisha, alirudi kazini Jumatatu na nyundo na patasi. Alisaidiana na wauguzi kuhamisha vitanda, akabomoa plasta bila kibali cha mtu. Bomba la bafu la ghorofa ya juu lilikuwa linavuja kwenye kiungo, tone kwa tone. Fundi bomba alilibadilisha. Mzee Msasa aliua ukungu, akaacha matofali wazi wiki tano na madirisha yamefunguliwa, akapiga plasta mpya, akaisubiri nayo ikauke. Ndipo akapiga msasa, akapaka praima, ile rangi ya chini ya kushikiza, kisha rangi yenyewe mikono miwili, kila mkono ukikauka kabla ya mwingine.

Mimi nikamwandikia barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali. Aliitia saini, akanirudishia kalamu yangu.

Imepita miaka tisa. Ukuta haujatoa hata lengelenge moja, na wagonjwa wanaolala pale hawana habari nao kabisa.

Sasa anahamia kwa binti yake, fundi cherehani, kwenye chumba cha juu chenye madirisha pande mbili, kama daktari alivyoagiza. Sherehe amekataa.

Mzee Msasa, hospitali inakushukuru kwa kila chumba ulichokiacha kikavu. Tunakuombea pumzi nyepesi na siku za utulivu karibu na mwanao. Mimi kwa upande wangu nakuomba radhi, mbele ya wenzetu wote wanaosoma hapa. Nimechelewa miaka tisa, na hulazimiki kunijibu.